UZI: Wenye mashua na majahazi njooni hapa, kinachoozesha chombo ni mvua sio bahari

Mwana_Pangani

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Juzi nimeitwa hapa Pangani kuangalia mashua ambayo kijana mmoja kanunua kwa mtu. Kwa nje imependeza, bluu inang'aa, tanga jipya, usukani umebadilishwa, kila anayepita anamsifia. Mi nikaingia ndani nikainua ubao wa sakafu karibu na mlingoti, nikabonyeza taruma (ubavu wa ndani wa chombo) kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukazama wote. Nilipouchomoa ukatoka na kitu cha kahawia kimelowa kama boflo lililodumbukia kwenye chai, kinanuka uyoga. Nikasogea taruma la pili, hivohivo, la tatu hivohivo. Kijana ananiuliza kaka sasa mbona haivuji? Haivuji kwa sababu mbao za nje bado nzima, zilizokufa ni mbavu zinazozishika hizo mbao, na siku akikutana na bahari ya kusi katikati ya hapa na Nungwi mbao zitaanza kuachia misumari na hapo hakuna cha kuziba.

Iliniuma maana yule kijana kauza mpaka shamba. Ndio nikasema ngoja niandike, maana nimekulia kwenye vyombo, baba alikuwa na mashua ya futi 30 anabeba nazi na mbao kwenda Unguja na alipofariki nikaichukua mimi, mpaka leo inatembea.

Wengi wetu tunaamini adui wa chombo ni maji ya bahari, kwa hiyo nguvu yote na hela yote inaenda kwenye rangi ya nje. Chombo cha mbao kina maadui wawili tofauti kabisa na kila mmoja ana dawa yake. Wa nje ni dudu, yule anayetoboa mbao, huyo anaishi kwenye maji ya chumvi na anaingia kuanzia pale chini ya mstari wa maji. Wa ndani ni uozo, na uozo hauletwi na bahari, unaletwa na MVUA. Kuvu inayokula mbao inataka maji yasiyo na chumvi, kivuli na hewa iliyosimama, ukiipa hivyo vitatu imemaliza kazi. Chumvi inaizuia. Hata meli za mbao za zamani za Ulaya na Marekani mafundi walikuwa wanajaza chumvi ya mawe katikati ya mbavu kusudi zisioze, sio sisi tu.

Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake we nenda kafue maji (uyatoe yote ndani). Usiseme ni kidogo, usiseme nitafua Jumapili. Ukishayafua yale ya mvua mwaga ndoo tatu nne za maji ya bahari mle mle ndani, yaache yatembee kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), afu yafue tena. Baba alikuwa anafanya hivyo kila baada ya mvua na mimi utotoni nilikuwa naona ni kunitesa tu, yani ndio kwanza tumemaliza kutoa maji ananiambia haya tia mengine.

Na ukiwa unafua angalia matundu yale madogo yaliyochongwa chini ya kila taruma ili maji yapite kwenda ngamani (ngama ni pale chini kabisa maji yanapokusanyika). Hayo matundu yanazibwa na mchanga, magamba ya samaki, makumbi ya nazi, vipande vya nailoni. Likiziba moja, maji yanakaa katikati ya mataruma mawili wiki nzima na we ukiangalia ngamani unaona pakavu unajisifu. Mi natumia kijiti cha ukuti, napitisha tundu moja moja upande huu na upande huu, kazi ya nusu saa. Ukinusa hapo ndani na ukasikia harufu ya uyoga badala ya harufu ya bahari, jua kuna mahali maji yamelala.

Sehemu nyingine zinazooza kimyakimya: pale mlingoti unaposimama kwenye mwashiri (gogo la chini linaloshika kitako chake), maji ya mvua yanashuka na mlingoti mpaka kitakoni yanatulia humo humo. Nyingine ni chini ya sitaha ndogo ya omo tunapotupia kamba mbichi na nanga. Nyingine ni vichwa vya mbao vinapokutana na fashini (gogo la mbele au la nyuma la chombo). Chukua nyundo ndogo ugonge. Mbao nzima inalia kali, mbovu inajibu kama umegonga gunia la mchele.

Nitaendelea na kalafati (kuziba maungio kwa pamba) na moto, tuchangie kwanza.

Skipa255

Mkuu asante kwa madini. Mi nina swali, kuna mtu kanishauri ngamani nimwage zege jepesi la saruji mashua isivuje na iwe na uzito chini, anasema wengi wanafanya. Na je hii ya kufunika chombo na turubai masika nzima ni sawa?

Mwana_Pangani

Skipa kaka yangu, USIFANYE. Mimi hilo limenikuta mwenyewe naongea kwa uchungu.

Mwaka wa pili baada ya kuichukua mashua ya baba ilikuwa inavuja karibu na mkuku (uti wa mgongo wa chombo chini), fundi mmoja akaniambia saruji ndio jibu, tukachanganya tukamwaga ndani pale chini, kweli ikaacha kuvuja miezi karibu minane mi nikawa namshukuru kila nikimuona. Kumbe mbao inavimba na kunywea, saruji haivimbi hainywei. Katikati ya saruji na ubao pakatokea uwazi mwembamba kama karatasi, maji ya mvua yanaingia humo hayatoki wala hayakauki. Siku nimeipweleza (nimeikalisha mchangani maji yakikauka) nikaona ubao wa pili kutoka mkukuni umebadilika rangi, nimeuchokonoa na kisu, kisu kimepita mpaka kimegusa saruji. Mbao mbili na mataruma manne yalikwenda, na kuibandua ile saruji kwa patasi tulikaa siku tatu tukiogopa kupasua mbao nzima. Ukitaka uzito chini weka mawe au viroba vya mchanga, vitu unavyoweza kuvitoa ukasafisha chini yake. Kama inavuja tafuta panapovuja kwa nje, panapoonekana kwa ndani mara nyingi sipo maji yanapoingilia, maji yanatembea na taruma.

Turubai la plastiki ni sawa ILA usilibane. Ukilibana pande zote jua likiwaka baada ya mvua mle ndani panakuwa kama chungu cha wali, mvuke unapanda unagonga plastiki unarudi kwenye mbao. Laza foromali (boriti la kufungia tanga) juu katikati iwe kama mgongo wa hema, turubai lipite juu yake, omo na tezi uache wazi upepo upite. Siku ya jua litoe kabisa.

Mlamu_wa_Matondoni

Asalaam alaykum. Huu uzi umenifurahisha, mimi ni wa Lamu, kwetu Matondoni vyombo ndiyo maisha. Ndugu yangu umesema vizuri juu ya ndani, lakini kwa nje hujataja moto. Huku kwetu chombo hupwelezwa, hukwanguliwa, kisha huchomwa kwa makuti makavu chini mpaka mbao ishike joto, dudu afe, ndipo kipakwe. Wazee walipaka shahamu na chokaa, ile deheni, na mbao za juu wakapaka sifa, mafuta ya papa. Siku hizi vijana wanapaka oili chafu ya injini, na mimi hilo nalipinga wazi.

Mwana_Pangani

Waalaykum salaam shekhe wangu, umenivusha mahali nilipokuwa naelekea.

Oili chafu na mimi naipinga na sio kwa sababu ya kupenda ya zamani. Kwanza inaingia kwenye mbao na ikishaingia rangi yoyote unayopaka baadae inabanduka kama ngozi ya nyoka. Pili bamvua (maji makubwa ya bahari) likija yote inaoshwa inakwenda kwenye mikoko ambako kamba wachanga na kaa wanakulia, tunakula wenyewe.

Kuhusu dudu, watu wengi hawajawahi kumuona kwa hiyo hawamuogopi. Anaitwa mnyoo lakini kwa asili ni jamii ya chaza na kombe, ana vigamba viwili vidogo mdomoni ndio anachimbia. Anaingia akiwa mdogo kuliko punje ya ufuta, tundu la nje linabaki hivyohivyo kama la sindano, afu anakua ndani kwa ndani anafuata uzi wa mbao. Ubao unaouona mzima ukiupasua unakuta mifereji minene kama kidole imepakwa kitu cheupe kama chokaa. Ndio maana kuchoma kunatakiwa kufanyika akiwa bado yuko juu juu, akishazama ndani moto wa makuti haumfikii na ukisema uongeze moto utachoma chombo. Mi nachoma kila mwezi kwenye bamvua, nikichelewa sana miwili. Makuti yawe makavu, mtu mmoja ashike mwenge autembeze asisimame sehemu moja, mwingine awe na ndoo na tambara bichi, maana kwenye maungio kuna pamba yenye mafuta inaweza kushika moto ndani ya ufa na usiione. Na tanga, kamba na madumu ya mafuta yatoke nje kabla, mbali kabisa.

Sisi wa Pangani tuna bahati ya mto. Yule dudu hapatani na maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo chombo ukikipandisha juu mtoni ambako chumvi haifiki kikakaa wiki mbili tatu, wengi wanakufa. Lakini hapo ndipo wenzetu wengi wanapokosea, wanakiacha mtoni miezi wakidhani kiko salama, dudu kafa kweli lakini uozo unashangilia, maana sasa hata maji yanayovujia ndani hayana chumvi. Ukikipeleka mtoni nenda na kiroba cha chumvi ya mawe, ile ya bei rahisi, nyunyiza ngamani.

Sasa siku ya kazi yenyewe. Bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji makubwa kabisa yanakuwa siku moja au mbili baada ya hapo. Kwa pwani yetu hii maji ya bamvua yanajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na yanakauka kwenye saa nne asubuhi. Yani Mungu kapanga yakauke mchana watu waone wanachofanya. Alfajiri leta chombo juu kadiri kinavyofika, pawe mchanga hapana jiwe, weka magadi (miti ya kukiegemeza) pande zote mbili kabla hakijakaa, kikishakaa ukianza kuhangaika na magadi umechelewa na kikianguka ubavu mzima unapasuka. Saa mbili anza kukwangua wakati bado kibichi, magamba yakikauka yanakuwa jiwe. Saa nne unachoma. Mpaka saa saba uwe umemaliza kupaka maana maji yanarudi hayamsubiri mtu. Pale mkuku ulipokalia mchanga hutapafikia, bamvua la pili sogeza magadi ukigeuze kidogo upate pale ulipopakosa. Watu wengi hawafanyi hii na dudu anapenda mkukuni kuliko kote.

Skipa255

Na kalafati mkuu? Fundi wangu anataka nipandishe mashua nchi kavu ikae miezi miwili ikauke vizuri ndio apige pamba.

Mwana_Pangani

Miezi miwili juani mashua itafunguka kila ungio, utapitisha shilingi. Afu fundi ataona ufa mkubwa atapiga pamba nyingi kwa nguvu zake zote, itajaa, itapendeza. Ukiiteremsha mbao zinavimba kurudi zilivyokuwa, zinakuta pamba imekalia nafasi yao. Kitu lazima kiachie hapo, na kinachoachia ni misumari au taruma. Nimeshaona jahazi limesukuma ubao nje kwa sababu ya kalafati ya kupitiliza.

Mbao iwe imekauka kwa juu tu, siku mbili tatu kwenye kivuli zinatosha. Toa pamba ya zamani pale ilipolegea peke yake, pale iliposhika vizuri uiache, usifungue chombo kizima kwa sababu fundi analipwa kwa urefu. Pamba isokote iwe kamba nyembamba kama kalamu, ilowe mafuta ya nazi au ya papa, ipigwe na patasi butu na nyundo ya mbao. Sikio ndio kipimo. Mwanzo inalia du du du, inapozidi kukaza mlio unapanda, ikifika mahali nyundo inadunda na mlio unakuwa mkali, acha, usiongeze hata mara moja. Juu yake unafunika na chokaa iliyokandwa na mafuta, au putini.

Usiku ule wa kwanza baada ya kuteremsha lala ndani ya chombo. Kitavuja, ni kawaida, mbao zinakunywa. Fua, pumzika, fua. Kesho yake kikiendelea vilevile ndio uanze kutafuta tatizo.

Misumari: ikiwa ya zinki (chuma kilichopakwa zinki) basi yote iwe ya zinki. Usichanganye na ya shaba hata kama umepewa bure, vyuma viwili tofauti kwenye maji ya chumvi kimoja kinakula kingine, wa chuma ndio unaisha. Ukiona doa jeusi linatiririka chini ya kichwa cha msumari, huo unaanza kufa, ubadilishe wakati bado unatoka.

Dagaa_wa_Mwanza

Wakuu huku Ziwa Victoria sisi hatuna huyo mnyoo kabisa na mitumbwi yetu ya tanga nayo inaisha mapema, tulikuwa tunasema ni mbao mbaya. Nimesoma huu uzi nimeenda kuangalia wa kwangu, nimebonyeza na kisu pale chini ya ubao wa kukalia, kimeingia. Sasa ziwani hatuna maji ya chumvi ya kuoshea, tunafanyaje?

Mwana_Pangani

Mkuu wa Mwanza pole sana, na umenipa ushahidi ambao mimi wa pwani nisingeupata, hakuna dudu, hakuna chumvi, na bado mbao inakwenda.

Kwako dawa ni mbili, hewa na chumvi ya kununua. Mbao zote za sakafu zisipigiliwe, ziwe za kunyanyua, na kila mkitia nanga mnazinyanyua jua na upepo viingie mpaka chini. Chumvi ya mawe weka kwenye vifuko vya kitambaa katikati ya mbavu, ikiyeyuka unaongeza, angalia tu isigusane na misumari mingi maana chumvi na chuma havipatani. Mbao mpya kabla hujaipigilia ipake mafuta pande ZOTE nne na kwenye vichwa vyake mara mbili tatu, maji yanaingilia kichwani kuliko ubavuni. Hiyo iliyoingia kisu usiizibe na putini, ikate mpaka ukutane na mbao inayolia vizuri, afu uzidishe shubiri moja mbele yake ndio uunge mpya.

Bint_Kilwa

Samahanini kaka zangu, mimi si baharia ila mume wangu ana mashua huku Kilwa Masoko na kwa sasa yuko safari, masika inakaribia, tanga limekunjwa limewekwa stoo tangu mwezi wa kwanza. Kuna la kufanya au linasubiri?

Mwana_Pangani

Dada yangu umeuliza la maana na wala halisubiri, litoe leo kama kuna jua. Kama ni la marudufu (pamba) na lilikunjwa na unyevu hata kidogo, ukungu umeshaanza, utaona vidoti vyeusi. Litandaze lote, lipigwe jua pande zote mbili, vidoti visugue na brashi laini na maji, lisianikwe siku nzima tu maana jua nalo linakula uzi. Kama ni la nailoni au la mifuko ile ya plastiki, ukungu haulisumbui sana lakini jua linaliua haraka, hilo lifichwe.

Likiwa limetandazwa pitisha mkono kwenye pindo lote, hasa upande uliofungwa kwenye foromali na pale linapogusa mlingoti, hapo ndipo panaposagika. Ukikuta uzi umekatika sehemu ya vidole vinne, shazia (sindano kubwa ya tanga) na uzi wa nta dakika kumi pameisha. Ukiacha, siku upepo ukilijaza hizo nne zinakuwa pima nzima. Afu lisikunjwe kwa mistari ileile ya siku zote, livingirishe.

Mwambie kijana mmoja mwaminifu aangalie na henza, ile kamba ya kupandishia foromali, kwenye ule urefu wa mkono mmoja unaokaa kwenye kapi (gurudumu la kamba). Aifungue nyuzi aangalie ndani, kamba ya nailoni inaweza kuwa nzuri nje na ndani imekuwa unga. Ikiwa hivyo aikate hicho kipande aisogeze. Foromali likidondoka linadondokea watu.

Na mashua yenyewe kama iko majini mvua ikinyesha aende akafue asubuhi, ndoo tatu za maji ya bahari, kama nilivyoandika juu.

Bint_Kilwa

Ahsante kaka, nimelitoa. Vidoti vipo kwenye kona ya goshi (ile ya chini mbele), na pindo limefunguka kama kiganja changu. Shazia nimeazima kwa jirani.

Mwana_Pangani

Kona ya goshi ndio inayobeba nguvu zote dada, hapo shona mistari miwili sio mmoja na uweke kiraka nyuma yake kabla hujashona. Kiraka kiwe cha kitambaa kilekile cha tanga, kikuukuu, usiweke kipya maana kipya kinanywea kinavuta.

Skipa, bamvua la mwezi mpevu sisi tutakuwa pale mdomoni mwa mto upande wa mjini, njoo na hiyo mashua tuiangalie pamoja, ufike kabla ya saa kumi alfajiri na magadi yako manne.